Tambua Kwanza: Mwongozo wa Kuthamini na Kutunza Vito vya Urithi vya Mwezi wa Kuzaliwa

Katika nyumba nyingi za wilaya ya Same, huku Upare, kuanzia Hedaru na Makanya kando ya barabara kuu hadi Chome, Mbaga na Mamba kule juu milimani, kuna kasha lisilofunguliwa ovyo. Ndani yake pana pete yenye jiwe jekundu, hereni ya lulu iliyopoteza mwenzake, au kidani chenye jiwe la bluu ambalo baba alilinunua mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Kwa kawaida kasha hilo hufunguliwa siku ya haraka: matanga yamekwisha na mali inagawanywa, ada ya shule imefika, au binti anaolewa kesho kutwa.

Haraka hiyo ndiyo inayoharibu vito. Mmoja husugua lulu kwa jivu na limau mpaka mng'ao wake ukafa. Mwingine huuza pete kwa bei ya dhahabu tu, jiwe likaenda bure. Mwingine hupeleka pete ya tanzanaiti kupunguzwa ukubwa, moto wa sonara ukalipasua jiwe. Wote watatu wangeepuka hasara kwa kufuata kanuni moja ambayo mwongozo huu umejengwa juu yake: tambua kwanza. Usikisafishe kito, usikitengeneze wala usikipangie bei kabla hujajua ni nini.

Jiwe la mwezi, na ardhi inayotuzunguka

Orodha ya mawe ya miezi inayotumika leo madukani ilipangwa mwaka 1912 na chama cha masonara wa Marekani, ingawa imani ya kuyahusisha mawe na nyakati ni ya kale zaidi. Imefika kwetu kupitia maduka ya Moshi, Arusha, Tanga na Mombasa, na kupitia ndugu walioishi nje. Januari ni gaineti, Februari amethisto, Machi akwamarini, Aprili almasi, Mei zumaridi, Juni lulu au aleksandraiti, Julai rubi, Agosti peridoti, Septemba safaya, Oktoba opali au tomalini, Novemba topazi au sitrini, na Desemba feruzi, zikoni au tanzanaiti.

Mkazi wa Upare ana sababu ya kuijua orodha hii vizuri kuliko wengi, kwa sababu sehemu kubwa yake inachimbwa Tanzania. Mashariki mwa Mkomazi, katika Bonde la Umba mkoani Tanga, safaya na gaineti za rangi nyingi zimechimbwa tangu miaka ya 1960. Magharibi, ng'ambo ya tambarare za Wamasai, iko Mirerani na tanzanaiti yake, na kaskazini zaidi ziko rubi za Longido, zilizolala ndani ya mwamba wa kijani. Almasi ni za Mwadui, zumaridi na aleksandraiti hutoka karibu na Ziwa Manyara, na Mahenge inajulikana duniani kwa spineli, jiwe lililoongezwa kwenye mwezi wa Agosti mwaka 2016. Kwa hiyo jiwe la bibi linaweza kuwa limetoka karibu kuliko unavyodhani. Tena kijana aliyekwenda kutafuta maisha Mirerani au Bonde la Umba na kurudi na jiwe moja la kumvisha mama yake hakuhitaji duka lolote.

Hatua ya kwanza: uliza watu

Kabla ya lenzi na mizani, kaa na wanaojua. Muulize mama mkubwa, shangazi, au rafiki wa marehemu. Maswali ni haya:

- Nani alinunua, na alimnunulia nani?
- Wapi: dukani, kwa sonara, kwa dalali, au ilitoka nje ya nchi?
- Mwaka gani? Kama mwaka haukumbukwi, tukio gani lilikuwa karibu: harusi, ubatizo, kuzaliwa kwa nani?
- Imewahi kutengenezwa, kupanuliwa au kubadilishwa jiwe?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Pete ya zamani ikiwa na jiwe jipya si udanganyifu, huenda la kwanza lilidondoka shambani. Lakini usipojua utaliuza au kulitunza kwa umri wa pete badala ya umri wake.

Andika majibu siku hiyohiyo. Piga picha kila kipande juu ya karatasi nyeupe, rula ikiwa pembeni, mbele na nyuma, mchana na kivulini. Nyuma ya pete husema mengi kuliko mbele.

Hatua ya pili: pima simulizi kwa kalenda

Miaka michache tu ikikaa kichwani, utaondoa nusu ya makosa bila kugharimia chochote.

*1902.* Mwaka huo Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza rubi kwa moto kiwandani. Baadaye safaya na spineli za kiwandani zilifuata. Maana yake ni kwamba umri mkubwa wa pete hauthibitishi kuwa jiwe lake ni la ardhini. Pete ya miaka ya 1950 yenye rubi kubwa, nyekundu sana na isiyo na dosari hata moja inastahili kutiliwa shaka kuliko kushangiliwa.

*1967.* Tanzanaiti ilianza kujulikana mwaka huu, na serikali ya Tanzania inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Mwaka uliofuata Tiffany & Co. ya New York iliitangaza kwa jina hilo. Kama simulizi ya ukoo inasema pete yenye jiwe la bluu ilivaliwa kwenye harusi ya mwaka 1955, basi ama mwaka si huo, ama jiwe limebadilishwa, ama si tanzanaiti bali ni safaya, spineli ya kiwandani au kioo. Mwaka huohuo wa 1967 Campbell Bridges aliikuta kaskazini mwa Tanzania gaineti ya kijani ambayo tangu 1974 inauzwa kwa jina la tsavoraiti. Jiwe la kijani katika pete iliyotengenezwa kabla ya hapo, kama halikubadilishwa, litafutiwe jina lingine.

*1976.* Takriban mwaka huu zikonia ya kiwandani, ile inayometameta kama almasi, iliingia sokoni. "Almasi" ya pete iliyotengenezwa kabla ya hapo, kama haikubadilishwa, haiwezi kuwa zikonia, ingawa bado inaweza kuwa kioo au safaya nyeupe.

*2002.* Tanzanaiti iliongezwa kwenye orodha ya Desemba. Pete ya mwezi wa kuzaliwa aliyopewa mtoto wa Desemba mwaka 1980 ina uwezekano mkubwa wa kuwa na feruzi au zikoni.

Hatua ya tatu: soma madini ya pete

Geuza pete uangalie ndani, au angalia kifungo cha mkufu. Tumia lenzi inayokuza mara 10 na tochi ya simu. Namba 375 ni dhahabu ya karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, na 916 ni karati 22. Fedha nzuri hugongwa 925. Vipande vya masonara wetu wa zamani mara nyingi havina mhuri wowote, na hilo pekee halivishushi hadhi. Sonara anaweza kupima dhahabu kwa jiwe la kusugulia na tindikali, ila mwombe asugue mahali pasipoonekana. Ukiona rangi nyingine inachungulia pale pete inapogusana na vidole vya jirani, hiyo imepakwa dhahabu juu tu.

Hesabu ya dhahabu ni rahisi. Pete ya gramu 4 yenye mhuri wa 750 ina gramu 3 za dhahabu safi, kwa kuwa 750 ni sehemu katika 1,000. Toa kwanza uzito wa jiwe: karati moja ya kito ni gramu 0.2, hivyo jiwe la karati mbili huchukua gramu 0.4. Angalia pia kwamba mizani inayotumika ina alama ya ukaguzi wa Wakala wa Vipimo.

Usishangae ukikuta kasha halina dhahabu kabisa. Upare una historia ndefu ya wahunzi, na Washana wa Ugweno walikuwa ukoo wa kuogopwa kwa kazi hiyo. Bangili ya shaba nzito au ya chuma iliyofuliwa kwa nyundo haina karati, lakini kwa mjukuu na kwa makumbusho inaweza kuwa na maana kuliko pete ya dukani. Usiing'arishe. Rangi yake ya uzee ni sehemu ya ushahidi wa umri wake.

Hatua ya nne: soma jiwe bila kuliumiza

Usilikwaruze jiwe kwenye kioo, usilichome kwa kiberiti, usiling'ate. Majaribio hayo huharibu mawe halisi pia. Fanya haya:

*Ligeuze kwenye mwanga wa mchana.* Tanzanaiti huonyesha bluu upande mmoja na zambarau ukiigeuza, na chini ya taa ya njano zambarau huzidi. Kioo cha bluu kinabaki na rangi moja kila upande. Usijali ukiambiwa tanzanaiti yako "imechomwa": karibu zote hupashwa moto ili rangi ya kahawia igeuke bluu, na rangi hiyo haipotei.

*Tazama ndani kwa lenzi.* Viputo vya duara ni dalili ya kioo au ya jiwe la kiwandani. Rubi ya Verneuil mara nyingi ina mistari iliyopinda kama upinde, wakati mistari ya rubi ya ardhini hunyooka na kukutana kwa pembe. Ukiona mstari wa gundi ubavuni mwa jiwe, hilo ni la vipande viwili. Zamani Ulaya walibandika kipande chembamba cha gaineti juu ya kioo cha rangi, na vito vya namna hiyo vingali vinazunguka.

*Tumia sumaku kwa gaineti.* Chukua sumaku ndogo kali, kama iliyomo ndani ya diski ya kompyuta iliyokufa. Hakikisha kwanza kuwa sumaku haiivuti pete yenyewe. Kisha weka pete juu ya kipande cha sponji ngumu kinachoelea kwenye bakuli la maji, usogeze sumaku karibu na jiwe bila kuligusa. Gaineti nyekundu ina chuma ndani yake, kwa hiyo sponji itasogea taratibu kuifuata sumaku. Rubi na kioo cha kawaida havifanyi hivyo. Jaribio hili halitoi hukumu ya mwisho, ila linatenganisha vizuri Januari na Julai, miezi miwili inayochanganywa kuliko yote kwa sababu ya wekundu.

*Angalia kingo.* Kona za mikato zikiwa zimelika na kuviringika, jiwe ni laini: kioo, au tanzanaiti iliyovaliwa sana shambani. Rubi na safaya hubaki na kona kali hata baada ya miaka hamsini.

Hatua ya tano: jua ni thamani ipi unayoiuliza

Swali "hii ni bei gani?" lina majibu matatu. La kwanza ni gharama ya kununua mpya inayofanana nayo dukani. La pili ni kiasi ambacho mnunuzi atakulipa leo, na siku zote kiko chini ya cha kwanza, kwa sababu naye anatafuta faida. La tatu ni bei ya madini peke yake baada ya kuyeyushwa. Mnunuzi wa dhahabu chakavu hukupa jibu la tatu, na mara nyingi hahesabu jiwe. Hajakosea, ndiyo kazi yake. Ni juu yako kujua kuwa hujauliza swali sahihi.

Bei ya jiwe hutegemea aina, rangi, usafi, mkato na uzito. Kwa mawe ya rangi, rangi ndiyo inayotangulia. Tanzanaiti ya bluu iliyokolea huiacha mbali ile iliyopauka hata kama zina uzito mmoja. Gaineti nyekundu ya kawaida haina bei kubwa, lakini gaineti ya Umba inayobadilika rangi kati ya mwanga wa mchana na wa taa ni adimu na inafaa ionekane na mtaalamu. Rubi ya kiwandani ina bei ndogo sana, ingawa ugumu wake ni uleule wa rubi ya ardhini na itadumu vizazi.

Kwa jiwe unalodhani lina thamani, safari ya Arusha inalipa. Kutoka Same mjini kupitia Moshi ni chini ya kilomita 200, na huko kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania (TGC), kilicho chini ya Wizara ya Madini, pamoja na wataalamu wengine wa vito. Piga simu kwanza uulize huduma na gharama. Omba maelezo ya maandishi yanayotaja aina ya jiwe, kama ni la ardhini au la kiwandani, na kama limetiwa dawa au moto. Anayekupa tathmini asiwe ndiye anayetaka kununua.

Ukikuta kwenye kasha mawe ghafi, usiyapeleke kwa dalali wa stendi. Biashara ya madini inahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na tangu 2019 serikali imekuwa ikifungua masoko ya madini kwa ajili hiyo. Nenda ofisi ya madini ueleze ulivyoyapata.

Kutunza tambarare, kutunza milimani

Wilaya yetu ina hali ya hewa mbili, na kila moja ina adui wake.

Chini, kuanzia Same mjini hadi Makanya na Hedaru, adui ni vumbi. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga wenye ugumu unaolingana na wa gaineti na kuuzidi ule wa tanzanaiti. Ukifuta pete kwa kanga kavu unailisha msasa. Suuza kwanza kwa maji, ndipo ufute. Joto nalo lina madhara: usiache vito ndani ya gari lililoegeshwa juani kisha ukavitia kwenye maji baridi. Tanzanaiti hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla, na opali hukauka na kufanya nyufa.

Juu, kuanzia Mbaga hadi Chome chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, adui ni unyevu na moshi. Ukungu huozesha uzi wa lulu na ushanga, na moshi wa jikoni huifanya fedha kuwa nyeusi. Usihifadhi kasha kwenye dari juu ya mafiga. Funga vipande vya fedha ndani ya kitambaa cha pamba na mfuko unaozibika, ukiweka kipande cha chaki kinyonye unyevu. Lulu iache kwenye kitambaa tu, kwa sababu inahitaji hewa.

Usafishaji wa kawaida ni huu. Chukua maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini ya maji, na mswaki wa mtoto. Fanyia kazi ndani ya beseni lenye kitambaa chini, kamwe si kwenye bomba au mfereji. Sugua zaidi nyuma ya jiwe, ambako mafuta hujificha, suuza kwa maji ya uvuguvugu uleule, kausha kivulini. Njia hiyo inafaa kwa gaineti, rubi, safaya, almasi, amethisto na, kwa upole, tanzanaiti.

Mengine yana masharti:

- Lulu: futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiloweke. Limau, siki na jasho huila. Ivae ya mwisho baada ya marashi na mafuta ya nazi, ivue ya kwanza.
- Zumaridi: wengi wa wauzaji huzijaza mafuta kuficha nyufa. Maji ya moto na sabuni kali huyatoa.
- Feruzi na opali: kitambaa laini tu. Feruzi hunywa mafuta na kubadilika rangi.
- Jiwe lililofungwa nyuma kabisa: pete za zamani huwa na karatasi ya madini chini ya jiwe ili ling'ae. Maji yakiingia, mng'ao umekwenda.

Kwa vito vyote, acha jivu, dawa ya meno, sabuni ya unga na jiki. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo, ambayo baadhi ya maduka wanayo, isiguse tanzanaiti, zumaridi, lulu wala opali. Vua pete ukienda kulima, kuvuna tangawizi, kufua au kusukuma unga.

Hifadhi kila kipande peke yake, kwa maana almasi na rubi hukwaruza kila kilicho laini kuliko zenyewe. Kila mwaka kagua vikucha vinavyolishika jiwe: pitisha uzi wa sweta juu yake, na ukinasa, kikucha kimeinuka. Tikisa pete karibu na sikio. Ukisikia mlio mdogo, usiivae tena mpaka itengenezwe.

Unapompelekea sonara, mwulize: "Utatumia moto? Jiwe utalitoa kwanza?" Kwa tanzanaiti, opali, zumaridi na lulu jibu la swali la pili lazima liwe ndiyo. Piga picha mbele yake, na upate risiti inayotaja jiwe, rangi, vipimo na uzito wa pete.

Kukabidhi

Vito vya kumbukumbu huleta ugomvi pale vinapokuwa vichache kuliko warithi. Viorodheshe kwenye wosia kwa maelezo kamili: "pete ya dhahabu ya karati 18, gramu 4, jiwe jekundu la gaineti, aliyopewa mama mwaka wa kuzaliwa kwa kifungua mimba." Maneno "pete ya mama" hayatoshi zikiwapo tatu. Pasipo wosia, viingizwe kwenye orodha ya mali ya marehemu na kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo. Familia nyingine hukubaliana pete ivaliwe kwa zamu kwenye harusi za mabinti wote, na mmoja awe mtunzaji. Andikeni na hilo.

Zipo pia nyumba ambazo vito havivaliwi kabisa. Waadventista walifika Mamba mwaka 1903, na mafundisho yao ya kuacha mapambo yamewafanya bibi wengi wa Upare Kusini kuvua bangili na pete zao na kuziweka. Mrithi asione aibu kwa hilo, wala asimlazimishe mtu kuvaa. Kito kilichotunzwa kwa imani kina hadhi yake, na mara nyingi kiko katika hali nzuri kuliko vingine. Kiweke pamoja na maelezo yake, na sababu ya kutovaliwa nayo iandikwe.

Usijaribu kumaliza kasha zima kwa siku moja. Chagua kipande ambacho mwenye habari zake ni mzee kuliko wote, umpigie simu leo, uandike anachokuambia. Maabara ya Arusha itakueleza jiwe ni nini hata mwaka ujao, lakini lilinunuliwa kwa ajili ya nani ni yeye pekee anayeweza kukuambia.